Aandaaye Meza Naye Ana Masikio

Sisi walimu huulizwa mara nyingi na wanafunzi wetu: mapinduzi huanza lini? Vitabu hujibu kwa kutaja mwaka na jina la vita. Nami kwa muda wa miaka kumi na miwili niliyofundisha historia nimejibu vivyo hivyo, kwa kuwa mtihani hutaka mwaka. Walakini kila nisomapo habari za mji wa Boston, huko Marekani, nazidi kuona ya kuwa jibu lile ni fupi mno. Bunduki zililia tarehe 19 Aprili 1775. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kukaa majumbani miaka kumi, katika birika la chai, katika gurudumu la kusokotea nyuzi, na katika bei ya karatasi. Tena lilikuwa limekaa katika masikio ya watu ambao hapana aliyewataka shauri. Habari za watu hao ndizo nitakazo kueleza.

Wakati ule Marekani haikuwa bado dola. Katika pwani yake ya mashariki palikuwa na makoloni kumi na matatu ya Mfalme wa Uingereza, na Boston ulikuwa mji mkuu wa koloni la Massachusetts. Mji huo ulikuwa karibu kuwa kisiwa, umeungana na bara kwa ukanda mwembamba wa nchi, nao ulikuwa na watu kama 16,000. Wengi waliishi kwa bahari. Merikebu zilileta asali ya miwa kutoka visiwa vya West Indies, ambako watumwa walilima mashamba ya miwa, na watu wa Boston wakaitengeneza kuwa pombe kali iitwayo ramu. Walipeleka nje samaki wakavu na mbao. Mjini mlikuwa na waunda merikebu, wasokota kamba, watengeneza mapipa, wachapaji, wahunzi na mabaharia, na watoto wao walipelekwa mapema kwa mafundi ili wajifunze kazi.

Kila mtu alijua cheo chake. Alikuwako mshona viatu mmoja, jina lake George Robert Twelves Hewes, aliyezaliwa mwaka 1742. Alipokuwa kijana alitengeneza kiatu cha John Hancock, mfanya biashara tajiri sana, naye tajiri akamwambia aje nyumbani kwake siku ya Mwaka Mpya kumsalimu. Hewes alikwenda, lakini kwa hofu. Akiwa mzee sana, katika miaka ya 1830, bado aliikumbuka siku ile: jinsi alivyotetemeka mbele ya mtu mkubwa, jinsi alivyopewa divai akanywa, na jinsi alivyotamani kuondoka upesi. Sisi twaijua hofu hiyo. Ni hofu ya mtu wa miguu mitupu aingiapo ofisini, akavua kofia kabla hajaufikia mlango.

Basi fitina ilianzaje? Uingereza ilikuwa imepigana vita vikubwa na Ufaransa, vikaisha mwaka 1763, vikaiachia deni zito. Serikali ikaona ni haki makoloni yachangie. Mwaka 1765 Bunge la London likatunga sheria ya stempu: hati za mahakama, leseni, magazeti, kalenda za mwaka, hata karata za kuchezea, vyote viwe na stempu ya kulipiwa. Watu wa makoloni hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika Bunge lile. Wakasema, atutozaye bila kutuuliza leo atatwaa senti, na kesho atatwaa shamba. Tarehe 14 Agosti mwaka ule sanamu ya Andrew Oliver, aliyewekwa kugawa stempu, ilitundikwa juu ya mti hapo Boston, naye akakubali kuiacha kazi ile. Mwezi Machi 1766 sheria ikafutwa. Lakini mwaka 1767 ukaja ushuru mwingine, juu ya kioo, risasi, rangi, karatasi na chai.

Hapo ndipo jambo lilipotoka kwa wakubwa likaingia jikoni. Wafanya biashara walipatana wasiagize bidhaa za Uingereza; lakini mapatano ya wafanya biashara yangefaa nini kama wake zao na majirani zao wasingekubali kuvaa kitambaa kigumu cha nyumbani? Wanawake wakayatoa magurudumu yao ya kusokotea. Katika miji mingi ya nchi ile walikusanyika nyumbani kwa mchungaji, wakasokota nyuzi tangu asubuhi hata jioni, wakamwachia mchungaji nyuzi zile kuwa zawadi. Mwaka 1770, huko Boston, wanawake zaidi ya 300, wenye nyumba zao, walitia sahihi ya kuacha chai. Badala yake wengine walichemsha majani ya mwituni. Ajuaye vijiji vyetu, ambako mgeni akosaye kupewa chai hujiona hakukaribishwa, atajua kwamba ahadi ile haikuwa ndogo.

Kadhalika askari. Tarehe 1 Oktoba 1768 vikosi vya Mfalme vilishuka Boston ili kulinda maofisa wa forodha. Mshahara wa askari ulikuwa mdogo, kwa hiyo saa za mapumziko walitafuta vibarua mjini, wakikubali ujira wa chini kuliko wenyeji. Siku ya tarehe 2 Machi 1770 wakapigana na wasokota kamba, na sababu yake ilikuwa kazi. Siku tatu baadaye, usiku, kundi la watu lilikabiliana na askari barabarani, mipira ya theluji ikatupwa, bunduki zikalia, wakafa watu watano. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia, ambaye damu yake ilikuwa ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwingine, Samuel Maverick, alikuwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi. Waliokufa hawakuwa matajiri wala wajumbe wa baraza. Walikuwa watu wa mikono.

Baada ya hayo ushuru ukaondolewa, ila ule wa chai, peni tatu kwa kila ratili. Mwaka 1773 Bunge likairuhusu Kampuni ya India Mashariki, iliyokuwa na chai nyingi katika maghala, iipeleke yenyewe Marekani. Hivyo chai ingekuwa rahisi kuliko zamani. Wanafunzi wangu hushangaa hapo. Husema, “Mwalimu, bei imeshuka, kwa nini wakasirike?” Nami huwajibu kwamba bei ilishuka lakini ushuru ulibaki ndani yake. Kila mnywaji angekuwa amekubali, pasipo kusema neno, ya kwamba Bunge lile lina haki ya kumtoza. Mtego wenye nyama nzuri ndio unaonasa.

Merikebu ya kwanza yenye chai, jina lake Dartmouth, ilifika tarehe 28 Novemba 1773. Sheria ilitaka ushuru ulipwe katika siku ishirini, ama shehena itwaliwe. Siku moja kabla ya muda kwisha, yaani tarehe 16 Desemba, watu maelfu walikusanyika katika jengo la ibada la Old South. Gavana alipokataa kuziruhusu merikebu zirudi na shehena yake, kundi la wanaume likaenda gatini, wengine wamejipaka masizi na kujifanya wenyeji wa asili, wakayapasua masanduku kama 340 katika merikebu tatu, wakamwaga baharini chai zaidi ya kilo 41,000. Hewes yule mshona viatu alikuwamo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alitumwa kwa nahodha kudai funguo na mishumaa, akapewa. Mtu yule aliyetetemeka sebuleni kwa tajiri sasa alisimama mbele ya nahodha na kudai funguo. Mimi naona mapinduzi yalikuwa yamekwisha kutendeka ndani ya mtu huyu, ingawa vita havijaanza.

Laiti habari ingekoma hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya watoto. Lakini mwaka mmoja, nilipokuwa nikieleza habari ya chai, msichana wa nyuma darasani alinyosha mkono akauliza, “Mwalimu, katika nyumba zile nani aliyekuwa akichemsha maji?” Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile lilikuwa kubwa kuliko somo langu la siku ile.

Katika Boston, kama mtu mmoja katika kila watu ishirini alikuwa mweusi, na wengi wao walikuwa watumwa. Hawakukaa mbali mashambani; walikaa ndani ya nyumba za mabwana zao, wakilala darini au jikoni, wakichota maji, wakichanja kuni, wakiandaa meza. Magazeti ya siku zile na hotuba za siku zile zilijaa neno moja: utumwa. Waandishi walilia ya kuwa Bunge lataka kuwafanya watumwa. Na wakati bwana alipokuwa akisoma maneno hayo kwa sauti mbele ya wageni wake, mtumwa wa kweli alikuwa amesimama nyuma ya kiti akingojea kuondoa sahani. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Katika watu hao alikuwamo Phillis Wheatley. Aliletwa kutoka Afrika ya Magharibi mwaka 1761, mtoto wa miaka saba au minane, meno ya mbele yameng'oka kwa utoto. Aliitwa Phillis kwa jina la merikebu iliyomleta, na Wheatley kwa jina la jamaa waliomnunua. Nyumbani humo alifundishwa kusoma, na kwa muda wa miezi kumi na sita aliweza kusoma Biblia. Mwaka 1771 alibatizwa katika kanisa la Old South, na jengo lake ndilo lile ambamo mkutano wa chai ulifanyika baadaye. Mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kilichapishwa London, na mwaka huo huo akapewa uhuru. Sasa, msomaji, sikiliza: nakala za kitabu chake zilisafirishwa kuja Boston katika merikebu ile ile, Dartmouth, iliyoleta chai. Shehena mbili katika merikebu moja. Chai ikatupwa baharini, na kila mtoto wa shule Marekani ameisikia habari yake. Vitabu vya binti wa Afrika vikashushwa gatini salama, na wengi hawajui. Mwezi Februari 1774 alimwandikia barua mchungaji Samson Occom, iliyochapwa baadaye katika magazeti, akasema ya kuwa Mungu ametia moyoni mwa kila mtu upendo wa uhuru, tena akaonyesha waziwazi jinsi maneno na matendo ya waliodai uhuru huku wakiwamiliki wenzao yasivyopatana.

Wala si yeye peke yake. Mwezi Aprili 1773 watumwa wanne, Peter Bestes, Sambo Freeman, Felix Holbrook na Chester Joie, waliwaandikia wajumbe wa baraza la koloni kwa niaba ya wenzao. Walisema ya kuwa wanatazamia mambo makuu kwa watu waliosimama imara kuwapinga wanaotaka kuwafanya watumwa. Hawakuomba mengi, waliomba wapewe siku moja katika juma wafanye kazi zao wenyewe, wapate kukusanya fedha za kujikomboa. Hawakupewa siku hiyo.

Lakini habari inayonigusa zaidi si ya Boston, ni ya kijiji cha Sheffield, mbali katika vilima vya magharibi mwa koloni lile. Mwezi Januari 1773 wazee wa kijiji walikutana katika nyumba ya Kanali John Ashley, wakaandika maazimio ya kuwa binadamu kwa asili ni sawa, huru, na wasiotegemeana, na kila mmoja ana haki ya kufurahia uhai wake, uhuru wake na mali yake. Aliyekuwa karani wao ni mwanasheria kijana, Theodore Sedgwick. Katika nyumba hiyo alikuwamo mtumwa mwanamke aliyeitwa Bett. Hakujua kusoma. Lakini maneno yale yaliandikwa katika nyumba aliyoifagia yeye.

Miaka ikapita, vita vikaja, na mwaka 1780 Massachusetts ikajiandikia katiba iliyosema ya kuwa watu wote wamezaliwa huru na sawa. Husimuliwa ya kwamba siku moja bibi mwenye nyumba, kwa hasira, aliinua sepeto ya jikoni yenye moto ampige msichana mwingine. Bett akaukinga mkono wake, akaungua, akabaki na kovu maisha yake yote. Akaondoka. Akaenda kwa Sedgwick, yule yule karani, akamwuliza kama sheria ile aliyoisikia ikisemwa haimhusu yeye pia. Mwezi Agosti 1781 mahakama ikaamua kwamba Bett, pamoja na mwenzake Brom, si watumwa wa Ashley. Akajiita Elizabeth Freeman, yaani mtu huru. Akafanya kazi kwa mshahara, akanunua nyumba yake, akafa mwaka 1829. Baada ya kesi yake zikaja nyingine, na watu wa serikali walipohesabiwa mwaka 1790 hakuna mtumwa hata mmoja aliyeandikwa katika Massachusetts. Sehemu nyingine za nchi ile utumwa uliendelea hata mwaka 1865, tena kwa vita vya kutisha.

Nina sababu ya kumpenda mwanamke huyu kama jamaa yangu. Mama yangu mzazi, alipokuwa na umri wa miaka kumi, alipelekwa mjini kulea mtoto katika nyumba ya watu. Hakuwa mtumwa; aliahidiwa mshahara, na bwana wa nyumba hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa mikutano. Jioni rafiki zake walikuja, wakaketi barazani, wakazungumza habari za haki, za usawa, na za kumwondolea mnyonge mzigo. Mama ndiye aliyewaletea kahawa. Watoto wa nyumba ile walisoma masomo yao kwa sauti chini ya taa, naye akisugua sufuria nje ya mlango akayashika maneno yao, akaandika herufi kwa mkaa juu ya jiwe la kufulia. Hivyo ndivyo alivyojua kusoma. Mshahara wa miezi sita ulipokuwa haujalipwa, aliuomba kwa adabu. Akaambiwa kwamba chakula na nguo ni mshahara wa kutosha kwa mtoto kama yeye. Mama akasema neno moja tu: “Lakini, Bwana, mimi nilikuwa nikisikia.” Kesho yake alifunga nguo zake akarudi kijijini kwa miguu.

Mimi nilizijua herufi kabla sijaingia shule, kwa sababu mama alinifundisha juu ya vumbi la uani. Alipokuwa akinisimulia habari hiyo hakulia, wala hakumlaani mtu yule. Alisema, “Alizungumza vizuri sana. Nami nilidhani anazungumza na mimi.”

Basi twajifunza nini? Wengine husema ya kwamba watu wa Massachusetts walikuwa wanafiki tu, na maneno yao yalikuwa upuzi. Mimi siwezi kusema hivyo. Maneno yale yalikuwa ya kweli. Yaliwazidi wenyewe waliyoyatamka. Ashley aliyatamka akidhani yanamhusu yeye na Bunge la London. Lakini neno la haki halijui mipaka ya sebule. Likisha kusemwa hupita mlangoni, huingia jikoni, hukaa kwa yule anayeosha vyombo, naye hulitunza kuliko mwenye kulisema, kwa sababu analihitaji zaidi. Siku moja atalirudisha mezani na kuuliza, je, mimi nimo?

Na wengi wetu tuna watu hao. Kuna binti aliyeletwa kutoka kwa ndugu maskini, aamkaye kabla ya jogoo na kulala baada ya wote, huku watoto wetu wakivaa sare na kwenda shule. Kuna kijana achungaye ng'ombe ambaye ujira wake ni “tutaona mavuno yakija.” Sisi tulio wasomi ndio tunaozungumza zaidi habari za haki: katika vikao vya kijiji, katika mabaraza ya kanisa, barazani jioni pamoja na redio. Yafaa tuzungumze, tena kwa sauti. Tusinong'one kwa kuogopa watumishi wasisikie. Ila tuwe tayari kujibu, maana swali litakuja, na litaulizwa kwa adabu, na mtu ambaye hatukudhani kwamba alikuwa akisikiliza.

Jioni hii, chakula kitakapokuwa tayari na ninyi mkinyosha mikono kunawa, tazameni ni nani aliyeshika birika. Mwulizeni jina la mama yake, na kama mshahara wake umelipwa, na kama angependa kusoma.